Kisesa: Jamaa Alivyoingiza 'Wageni' Usiku Kwenye Kompyuta ya Mchumba Wake

Wadau, kama hujawahi kupeleka flashi steshenari ikarudi mafaili yote yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo, basi wewe hujahangaika na maombi ya kazi. Pale Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, flashi moja inaingia asubuhi na CV ya mtu, mchana imeshapita kompyuta nne, jioni kila aliyeprinti siku hiyo amegawiwa kirusi chake. Mafaili huwa hayajafutwa, yamefichwa tu. Ukibonyeza kile chenye mshale ndio unakiamsha chenyewe.

Jamaa wa stori hii, jina kapuni, alivumilia huo usumbufu miaka miwili halafu akachoka. Akaifuta Windows, akaweka Ubuntu 22.04. Kwa wasioijua, Ubuntu ni mfumo wa Linux wa bure ulioanzishwa mwaka 2004 na tajiri wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lenyewe ni lile lile ambalo sisi Waswahili tunaliita utu. Wateja walicheka mwanzoni, wakauliza ‘start’ iko wapi, wakazoea. Na kweli mambo yakatulia. Ukichomeka flashi yenye kile kirusi kwenye Ubuntu, mafaili yaliyofichwa yanaonekana kama kawaida, na kile chenye mshale hakifanyi kitu maana kilitengenezwa kwa ajili ya Windows.

Sasa kumbe mtu anaweza asiugue lakini akaambukiza. Flashi ilikuwa inaingia kwa jamaa na kirusi, inatoka na kirusi. Mama mmoja mwalimu akaenda kuichomeka kwenye kompyuta ya ofisini kwao, kikanuka. Jumamosi akarudi Kisesa na hasira zake, akaongea mbele ya foleni ya watu, na jamaa hakuwa na la kujibu. Hapo ndipo akaamua kuweka ClamAV, programu ya bure ya kukagua virusi. Ipo tangu mwaka 2002, siku hizi iko chini ya kampuni ya Cisco, na kazi yake kubwa ni hiyo hiyo, kukamata virusi vya Windows hata kama yenyewe imekaa kwenye Linux. Wazo lilikuwa zuri tu.

Ila kabla ya kufika usiku wenyewe, lazima mjue kompyuta ilikuwa ya nani. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mchumba wake, binti wa Kisesa hapo hapo, kwao si mbali na makumbusho ya Bujora. Ana saluni mlango wa pili kutoka kwenye steshenari. Alikopa kwenye kikoba akainunua ile mashine, na kila wiki ndiye anayepeleka rejesho. Jamaa anaendesha, dada anamiliki, na utani wake siku zote ni mmoja: "Ngosha, ukiniulia hiyo mashine, mahari inapanda." Wanacheka wote wawili. Utani wenyewe, ukiuangalia vizuri, nusu yake si utani.

Na humo ndani mlikuwa na vitu. Ilikuwa Agosti 2025, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linaelekea kufungwa, na jamaa alikuwa na folda za vijana zaidi ya arobaini. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha sita, namba za NIDA, picha, saini za wadhamini. Dogo mmoja wa maeneo ya Bujora alikuwa na cheti cha kifo cha baba yake kilichoskaniwa humo, na kile halisi kilikuwa Sengerema kwa baba mdogo ambaye hapokei simu. Bakapu hakuna. Tangu Mei 2023 Tanzania ina sheria inayofanya kazi ya kulinda taarifa binafsi za watu, lakini ukiuliza steshenari kumi za barabarani kama wanaijua, utaambiwa "labda wenye kampuni kubwa".

Haya, Jumamosi usiku. Jamaa amefunga mlango, saa nne kasoro, feni inazunguka. Akafungua terminali akaandika `sudo apt install clamav`. Ikaanza vizuri, halafu ikakwama: 404, haipo. Akarudia. 404.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, maana kila kitu kilichofuata kilizaliwa hapa. Ubuntu haichukui programu kutoka popote intaneti. Ina maghala yake rasmi, na kompyuta inahifadhi orodha ya nini kipo ghalani na toleo gani. Orodha hiyo inasasishwa kwa amri nyingine, `sudo apt update`. Jamaa alikuwa ameizima miezi mingi ili kubana bando. Kwa hiyo kompyuta ilikwenda ghalani kuulizia toleo la ClamAV la zamani ambalo lilishaondolewa na kuwekwa jipya. Ni sawa na kwenda Mwaloni Kirumba na oda ya samaki wa mwezi uliopita, ukaambiwa hao hawapo, ukaondoka unatangaza kwamba Mwaloni hakuna samaki. Dawa ilikuwa amri moja ya maneno matatu. Bando lisilofika hata nusu ya video ya YouTube.

Badala yake akampigia mshkaji wake wa Igoma.

Kila mtaa una huyu mtu. Picha yake ya WhatsApp ni mtu aliyevaa kofia ya sweta, uso hauonekani, nyuma namba za kijani zinamwagika. Anatumia Kali Linux na hakuna siku anapitisha bila kuwaambia watu. Kali yenyewe haina kosa. Ilitoka Machi 2013, imejengwa juu ya Debian, na imejazwa zana za wanaopima usalama wa mitandao. Ni kazi halali na ina pesa. Tatizo ni ushauri alioutoa. "Mwanangu, Ubuntu ni ya watoto. Ongeza ghala la Kali humo humo, utapata kila kitu cha usalama." Akamtumia na kiungo cha video ya zamani.

Jamaa akafuata video neno kwa neno. Akafungua faili la `/etc/apt/sources.list`, akabandika mstari wa Kali, akahifadhi. Kompyuta ikakataa: ufunguo wa kuhakiki ghala hili siutambui.

Sikilizeni hapa. Kila ghala lina saini yake ya kidijitali, na kompyuta haikubali mzigo mpaka ihakikishe saini ni ya mwenyewe. Kompyuta ya Ubuntu haiujui ufunguo wa Kali, ndio maana ikagoma. Hata ule ufunguo uliotolewa kwenye video usingesaidia, kwa sababu Aprili 2025 wenyewe Kali walitangaza kwamba walipoteza uwezo wa kutumia ufunguo wao wa zamani, wakatengeneza mpya, na watumiaji wote duniani wakatakiwa kuuchukua kwa mkono. Video zote za kabla ya hapo zikawa zimepitwa. Jamaa hakujua. Mshkaji wa Igoma akamwambia weka `[trusted=yes]` kwenye mstari huo, itanyamaza.

Na kweli ikanyamaza. Maana yake ni kuiambia kompyuta iamini chochote kitakachotoka huko bila kukagua saini. Yaani mtu ameketi saa tano usiku ili aweke ulinzi, na hatua ya kwanza aliyochukua ni kumwambia mlinzi alale.

Akaandika tena amri ya kuweka ClamAV. Safari hii haikusema 404. Ilimwaga majina, skrini ikajaa, ikapanda, ikajaa tena. Hivi vitabadilishwa, hivi vipya, hivi vitaondolewa. Mwisho ikauliza: uendelee? Jamaa akabonyeza Y bila kusoma hata mstari mmoja, kama watu wanavyokubali masharti ya mikopo ya kwenye simu.

Bando likaisha katikati.

Wengi wangelaani. Lakini lile bando ndilo lililomwokoa, maana `apt` hupakua kwanza mzigo wote ndipo ianze kufungua na kubadilisha. Ilikuwa bado inapakua. Kwa hiyo hakuna kilichoguswa. Kama angekuwa amejiunga na bando la wiki, asubuhi ingemkuta na kitu kingine kabisa.

Angelala hapo, stori ingeisha. Hakulala. Mshkaji akamrushia faili tatu za `.deb` kupitia WhatsApp, pakeji za ClamAV kutoka kwenye Kali yake, akamwambia zilazimishe. `sudo dpkg -i --force-all`. Zikaingia huku zikipiga kelele. Jamaa akajaribu kuiwasha programu, ikamwambia haioni GLIBC 2.38. Akajaribu kuitoa na kuiweka upya kwa `apt`, ikakataa. Akajaribu kuweka kitu kingine kabisa, mchezo tu wa kujaribu, ikakataa pia. Kila amri jibu lile lile: kuna pakeji zinategemea vitu ambavyo havipo, rekebisha kwanza. Saa nane usiku akalala kwenye benchi la wateja.

Nini kilitokea? Programu za Linux hazijitoshelezi. Kila moja inaegemea nyingine, na kila pakeji imeandikwa wazi inamhitaji nani na wa toleo gani. Chini kabisa kuna maktaba mama inayoitwa libc6, ambayo karibu kila kitu kwenye mfumo kinaiegemea. Ubuntu 22.04 inatumia libc6 toleo la 2.35, na itakaa hapo hapo mpaka mwisho wa maisha yake, kwa makusudi, ili mambo yasiyumbe. Kali inakimbia, kila wiki vitu vipya. Zile pakeji tatu zilitengenezwa kwenye nyumba yenye 2.38 au zaidi. Ukizileta kwenye nyumba ya 2.35 zinakaa sebuleni zinadai kitanda ambacho hakipo. Na ukikubali kuwaletea hicho kitanda, yaani kubadilisha libc6 yenyewe, unakuwa umegusa nguzo ambayo nyumba nzima imesimama juu yake. Watu wa Debian wana ukurasa mzima wa kuonya kuhusu huu mchanganyiko, na wameupa jina la utani FrankenDebian, kama lile zimwi la Frankenstein lililoshonwa kwa viungo vya maiti tofauti.

Jumapili mchana jamaa akanunua bando jipya. Skrini yenyewe ilikuwa inamshauri: jaribu `apt --fix-broken install`. Ushauri sahihi. Lakini mstari wa Kali ulikuwa bado upo, kwa hiyo kompyuta ilipotafuta suluhisho, ililipata huko huko Kali: tubadilishe libc6, na ili ikubalike, tuondoe haya. Katika orodha ya kuondolewa mlikuwa na `ubuntu-desktop`. Mlikuwa na programu ya kuandikia barua. Mlikuwa na vitu vya printa.

Safari hii hakubonyeza Y, na sababu ni kwamba amewahi kuona kipande cha video kilichosambaa. Novemba 2021, jamaa wa Canada mwenye chaneli ya Linus Tech Tips, mtu wa mamilioni ya watazamaji, alijaribu kuweka Steam kwenye Linux ya Pop!_OS. Kulikuwa na hitilafu ya utegemezi kwenye pakeji. Mfumo ukamwonya kwamba unakwenda kuondoa vitu vya msingi, ukamtaka aandike sentensi nzima, "Yes, do as I say!" Akaandika. Skrini ikageuka nyeusi, desktop yote ikaondoka, mbele ya dunia. Watu walicheka, wengine walimtetea, na kusema ukweli lawama zilikuwa za pande zote mbili, maana pakeji ilikuwa mbovu kweli. Ila onyo lilikuwepo, na lilikuwa limeandikwa kwa herufi zinazosomeka.

Jamaa akazima kompyuta kabisa. Akampigia fundi wa mjini. Fundi hakuuliza swali hata moja: "Lete, tunapiga chini tunaweka Windows, elfu ishirini." Kwa mafundi wetu wengi hilo ndilo jibu la kila ugonjwa. Mafua, piga chini. Kidole kimekatika, piga chini. Na wateja wanalipa, kwa hiyo kwa nini abadilike.

Dada alimkuta anachomoa nyaya. Ametoka kanisani, bado ana nguo za kanisani.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi mara moja, mama. Kuna kitu kidogo."

"Kidogo kipi?"

Akaeleza nusu. Dada akasikiliza, halafu akauliza swali ambalo jamaa alikuwa analikwepa tangu usiku: "Na vyeti vya watoto wa watu viko wapi?"

"Humo humo."

"Akipiga chini vinabaki?"

Kimya.

Mahari haikutajwa. Waliomsikia saluni wanasema hakupandisha hata sauti. Alichofanya ni kwenda kuchukua flashi mbili kubwa na kuirudisha kompyuta mezani. Iliwaka kama kawaida, maana haikuwa imekufa. Wakanakili folda zote kwenye flashi ya kwanza, halafu kwenye ya pili, wakafungua chache kuhakikisha zinasomeka, kile cheti cha dogo wa Bujora kikiwa cha kwanza. Dakika ishirini hivi. Kazi hiyo ilikuwa inawezekana tangu Jumamosi usiku, na baada ya kufanyika, hata kama mashine ingelipuka, hakuna mtoto ambaye angekosa mkopo kwa sababu ya ClamAV.

Ndipo akasema, "Haya, nionyeshe huyo mgeni."

Dada huyu hajui kompyuta zaidi ya kucheza miziki ya saluni. Lakini amekulia Kisesa, na Kisesa ina kitu chake. Tangu mwaka 1994 watafiti wa afya wanaofanya kazi na NIMR Mwanza wamekuwa wakipita kaya kwa kaya kwenye kata hiyo, mzunguko baada ya mzunguko, kwenye utafiti mrefu wa VVU na idadi ya watu. Mtoto aliyekulia pale anayajua yale maswali: nani analala humu ndani? Ametoka wapi? Nani amehama tangu tulipokuja mara ya mwisho? Watafiti hawamfukuzi mtu wala hawampi mtu lawama, wanaandika tu.

Akachukua daftari la saluni, akachora safu tatu. Jina, ametoka wapi, anamtaka nani. "Soma," akamwambia.

Jamaa akaandika `apt policy clamav`. Amri hiyo haibadilishi kitu, inaeleza tu: toleo lililopo ni lipi, linalopendekezwa ni lipi, na kila toleo linatoka ghala gani. Akasoma. Hapo kwenye ghala ikaonekana anuani ya Kali. Dada akaandika. Akafanya hivyo kwa libc6. Iliyopo, 2.35, ya Ubuntu. Inayopendekezwa, ya Kali. "Kwa hiyo mwenye nyumba bado yupo," dada akasema. "Hajahama." Jamaa akasema ndiyo, hajahama. Na hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema ya siku nzima, maana libc6 ikishabadilishwa, kuirudisha nyuma ni kazi ya kutoa jasho na mara nyingi mfumo hauamki.

Halafu kuna ule ujumbe uliokuwa unamtisha jamaa kuliko yote: "you have held broken packages". Alidhani kuna kitu kimeshikiliwa mahali. Wakauliza kwa `apt-mark showhold`, jibu likaja tupu. Hakuna kilichoshikiliwa. Ule ujumbe unachanganya watu wengi. Mara nyingi maana yake ni kwamba mfumo umejaribu kupatanisha madai ya kila pakeji na haukuona njia. Jibu halisi huwa mistari ya juu yake, pale inaposema fulani anamtaka fulani wa toleo kadhaa lakini haipatikani. Watu wanasoma mstari wa mwisho kwa sababu ndio wenye herufi E mwanzoni.

Baada ya daftari kujaa nusu ukurasa, ilikuwa wazi. Wakafuta mstari wa Kali, pamoja na ile `[trusted=yes]` yake. Wakaandika `sudo apt update`, ile ile ya maneno matatu. Ikamaliza kimya. Halafu `apt list --installed | grep ',local'`, ambayo inaonyesha pakeji zilizopo ndani lakini hazina ghala linalozitambua. Zikatokea tatu. Zile zile za WhatsApp.

Wakarudia `sudo apt --fix-broken install`. Amri ile ile iliyotaka kung'oa desktop saa chache kabla. Safari hii, ghala la Kali likiwa limeondoka, kompyuta haikuwa na pa kwenda kutafuta libc6 mpya, kwa hiyo ikatoa suluhisho lingine: niwaondoe hawa watatu. Dada akamwambia asome majina kwa sauti, moja moja, na yeye akayaweka alama kwenye daftari. Matatu. Hakuna la nne. "Haya, bonyeza."

`sudo dpkg --configure -a`, kimya, maana yake hakuna kilichobaki nusunusu. `sudo apt install clamav`, ikaingia kutoka ghala la Ubuntu kama mtu anayeingia kwake. Kazi yote haikufika nusu saa.

Wakaachana na ile sehemu yake inayokaa imewashwa muda wote, kwa sababu inaweza kukalia GB nzima ya RAM na mashine ya dada ina nne tu. Flashi ikija inakaguliwa kwa mkono kwa amri ya `clamscan -r`. Inachukua muda, mteja anasubiri. Asiyetaka kusubiri kuna steshenari nyingine.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko pakeji. Zile faili za WhatsApp ziliingia kwa nguvu za mwenye mfumo, na pakeji ya `.deb` inapowekwa inaweza kuendesha chochote inachotaka. Dada alipoelewa hilo ndipo uso ulipobadilika. Kukwama kwa kompyuta kulimsumbua kidogo tu kuliko hili: kwamba jamaa alichukua kitu kutoka kwa mtu mwingine, usiku, bila kujua ndani kuna nini, akakipa funguo za chumba chenye NIDA za watu arobaini. "Kama angekutumia kingine?" Jamaa akasema yule ni mshkaji. Dada akasema hakuuliza kama ni mshkaji.

Ikabidi mshkaji wa Igoma apigiwe. Kwa heshima yake, hakubisha. Alifungua Kali yake, ambayo yeye ilikuwa na ufunguo mpya na inahakiki saini vizuri, akasoma alama za SHA256 za pakeji zile tatu kama ghala linavyozitaja. Jamaa akapima zake kwa `sha256sum`. Wakasomeana herufi kwa herufi kwenye simu, dada akifuatilia kwa kidole kwenye daftari. Zikalingana zote. Zilikuwa pakeji halali za Kali zilizopotea njia. Mshkaji akaomba radhi, akamwita "shemeji" mara tatu kwenye sentensi moja, na dada akamjibu salama tu.

Jumatatu vijana walikuja. Dogo wa Bujora alituma maombi yake kabla ya saa nne asubuhi. Flashi ya tatu ya siku hiyo ClamAV ikaipigia kelele, na mwenye flashi akabaki anashangaa maana alidhani yake ni safi.

Uchumba upo. Kuhusu mahari hakuna anayejua lolote. Ila kuna kitu kimoja kimebadilika pale steshenari, na wateja wa kila siku wameshakiona. Jumatatu ile jioni dada alimwambia jamaa amfungulie akaunti yake mwenyewe kwenye kompyuta, yenye mamlaka ya `sudo`, halafu ya jamaa iondolewe hayo mamlaka. Nywila anaijua yeye peke yake. Jamaa anaprinti, anaskani, anakagua flashi, lakini akitaka kuweka pakeji yoyote mpya anatoka nje, anapiga hodi mlango wa pili, anaeleza ni kitu gani, kinatoka ghala gani na kinamtaka nani. Juzi alikwenda kuulizia programu ya kuhariri picha, akakuta kuna mteja kwenye draya. Akaambiwa akae kwenye benchi asubiri.